Rejeta ya Ndege ya Kujiundia: Hewa Inapita Wapi?

Swali: Nimefunga injini ya Subaru kwenye ndege niliyojiundia. Kila nikipaa, maji yanachemka. Ninunue rejeta kubwa zaidi?

Jibu: Usinunue kitu bado. Kagua kwanza kama hewa inapita ndani ya rejeta au kando yake. Ikipata mwanya wa upana wa kidole tu pembeni, itakimbilia huko. Ziba mianya yote kwa mpira au silikoni ya kuhimili joto, kisha urushe tena.

Swali: Mbona garini injini hiyohiyo haikuchemka?

Jibu: Gari barabarani hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za injini. Ndege hupaa kwa nguvu zote, tena mwendo ukiwa bado mdogo.

Swali: Basi nipanue mdomo wa kuingizia hewa?

Jibu: Mara nyingi utaongeza ukinzani bure. Tazama nyuma ya mdomo: njia ya hewa itanuke taratibu hadi ilingane na rejeta. Hapo hewa hupunguza mwendo, presha hupanda, na presha hiyo ndiyo inayoisukuma hewa kati ya mapezi ya rejeta. Njia ikitanuka ghafla, hewa huachana na kuta na kuzungukazunguka. Kona moja ya rejeta inapozwa, nyingine imekaa tu. Baada ya rejeta, njia isinyae tena. Kwenye tundu la kutokea weka kilango: wazi wakati wa kupaa, kimebanwa safarini.

Swali: Ni kweli rejeta ya ndege ya kivita P-51 Mustang iliisukuma ndege hiyo?

Jibu: Hapo watu hutia chumvi. F. W. Meredith wa Farnborough, Uingereza, alieleza katika miaka ya 1930 kwamba hewa iliyopashwa joto na rejeta, ikitolewa nyuma kwa kasi, hufidia sehemu ya ukinzani. P-51 iliyotumia kanuni hiyo ilikuwa na mwendo mkubwa. Lakini ndege yako ikienda kilomita 200 kwa saa, usitarajie msukumo. Iga mdomo wa P-51: uliachana na tumbo la ndege, ili hewa iliyopunguzwa mwendo na bodi isiingie.

Swali: Nitajuaje kasoro iko wapi?

Jibu: Pima presha mbele na nyuma ya rejeta kwa mirija ya plastiki yenye umbo la U, ndani maji ya rangi, ukilinganisha na hewa tuli ya nje. Ya mbele ikiwa ndogo, kagua mdomo na mianya. Ya nyuma ikiikaribia ya mbele, tundu la kutokea ni dogo. Acha kamera ndogo isome mirija. Macho yako yabaki nje.