Nakala ya Akiba: Somo la Kubadili Diski ya Mashine ya Michezo

Katika mji wa Muleba, kama ilivyo Bukoba na katika miji mingi ya Tanzania, kuna vibanda ambamo vijana huketi mbele ya televisheni wakicheza mpira wa miguu kwa vidole. Mashine ziendeshazo michezo hiyo ni kompyuta kamili, ingawa hazina kibodi wala hazionekani juu ya meza ya ofisi. Zina kichakataji, zina kumbukumbu ya muda, na ndani yake mna diski ambayo huhifadhi michezo yenyewe pamoja na hatua zote alizofikia kila mchezaji.

Hufika siku ambapo diski hiyo hujaa. Mwenye kibanda hununua diski kubwa zaidi, hufungua mashine, hutoa ile ya zamani na kutia mpya. Mashine inapowashwa, hakuna mchezo hata mmoja, hakuna ligi iliyochezwa kwa miezi mitatu, wala hakuna programu ya kuiendesha mashine. Ikiwa diski ya zamani imekwisha kufutwa na kutumiwa kwa kazi nyingine, hasara hiyo haina dawa. Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka hasara hiyo, na kwa nini kanuni zake zinahusu pia ofisi ya mwalimu, zahanati na maabara ya utafiti.

Diski na jinsi inavyofanya kazi

Diski ngumu ya kwanza iliyouzwa ilitengenezwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, uzito wake pamoja na vyombo vyake ulikaribia tani moja, na iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Mashine ya PlayStation 4, iliyotolewa mwaka 2013, ilikuwa na diski ya gigabaiti 500 inayoenea katika kiganja cha mkono. Kwa hesabu ya herufi, hiyo ni mara laki moja ya diski ile ya mwaka 1956.

Ndani ya diski ya namna hiyo mna sahani nyembamba iliyopakwa madini yenye sumaku. Sahani huzunguka, na juu yake huelea kichwa kidogo kisomacho na kuandika alama za sumaku. Diski nyingi za mashine za michezo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ikiwa nusu kipenyo cha sahani ni sentimita 3.2, ukingo wake husafiri kwa mwendo wa mita 18 hivi kwa sekunde, sawa na gari liendalo kilomita 65 kwa saa. Kichwa nacho huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, ambapo unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hapo msomaji ataona kwa nini mashine inayofanya kazi haifai kutikiswa wala kuangushwa: kichwa kikiigusa sahani, alama za sumaku hukwanguliwa.

Zipo pia diski zisizo na sehemu inayozunguka, ambazo huhifadhi data kwa chaji ya umeme katika vipande vya silikoni. Hizi ni za haraka zaidi na hustahimili mtikisiko, lakini nazo huharibika, na pengine hufa ghafla bila sauti ya kuonya. Hivyo basi, hakuna diski isiyohitaji nakala.

Vitu vitatu vinavyopaswa kutengwa

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kila kilichomo katika mashine ni kitu kimoja. Kwa kweli ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni mfumo wa uendeshaji, yaani programu inayoiamsha mashine na kuiongoza. Diski mpya haina mfumo huo, kwa hiyo hauna budi kuandaliwa kabla.

Cha pili ni michezo. Mchezo ulionunuliwa katika sahani ya kutia unaweza kuwekwa tena, na ule uliopatikana kwa intaneti unaweza kupakuliwa upya, ingawa kwa gharama ya kifurushi.

Cha tatu ni kumbukumbu za mchezaji: hatua alizofikia, ligi aliyoijenga, picha alizozipiga. Hizi hazipatikani dukani. Mara nyingi huchukua nafasi ndogo kuliko michezo, lakini ndizo zenye thamani kuu, kwa kuwa hakuna mwingine duniani aliye nazo.

Ugawaji huo unafaa mahali pote. Katika kompyuta ya shule, programu ya kuandikia inaweza kuwekwa tena. Alama za wanafunzi za mihula minne haziwezi. Anayenakili aanze na kile kisichopatikana tena.

Hesabu ya nafasi na muda

Kabla ya kazi yafaa kupiga hesabu. Ichukuliwe kwamba mashine ina data za gigabaiti 300, na kwamba kebo na diski ya nje hupitisha megabaiti 30 kwa sekunde. Gigabaiti 300 ni megabaiti 300,000. Ukigawanya kwa 30, unapata sekunde 10,000, yaani saa 2 na dakika 47 hivi.

Hesabu hii si mchezo wa darasani tu. Katika mwambao wa Ziwa Viktoria mvua za radi ni nyingi, na umeme huweza kukatika wakati wowote. Kunakili kukikatizwa katikati, nakala huwa pungufu. Kwa hiyo kazi ianzwe wakati wa hali ya hewa tulivu, na ikiwezekana mashine ipate umeme kupitia betri ya akiba. Radi ikianza kunguruma kabla ya kazi kuanza, ni heri kungoja hadi kesho.

Jambo jingine la hesabu huwashangaza wengi. Diski iliyoandikwa gigabaiti 500 huweza kuonekana katika kompyuta kama gigabaiti 465. Muuzaji hakuiba. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, hali programu nyingi za kompyuta huhesabu kwa vipeo vya mbili, yaani baiti 1,073,741,824. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, na tofauti itafahamika.

Hatua za kazi

Hatua zifuatazo ni za PlayStation 4. Mashine nyingine hutofautiana katika majina, si katika kanuni.

1. Diski ya nje ya USB iwe na nafasi ya kutosha, nayo iwe imeandaliwa kwa mpangilio wa FAT32 au exFAT, kwani mashine haipokei mpangilio mwingine kwa kazi hii.

2. Tuzo za mchezaji hazimo katika nakala. Hazina budi kupelekwa kwanza kwenye akaunti yake kwa njia ya intaneti.

3. Katika orodha ya mipangilio, mtumiaji achague sehemu ya mfumo, kisha sehemu ya kunakili na kurejesha. Mashine itaandika data zake katika diski ya nje. Isizimwe wala kebo isichomolewe hadi itangaze kwamba imemaliza.

4. Faili kamili la mfumo, si lile dogo la kusasisha tu, lipakuliwe kwa kompyuta kutoka kwa mtengenezaji. Liwekwe katika kijiti cha USB, ndani ya folda iitwayo PS4, na ndani yake folda iitwayo UPDATE, kwa jina PS4UPDATE.PUP. Herufi zote ziwe kubwa.

5. Mashine izimwe kabisa, nyaya zote zichomolewe. Skrubu ya kishikizo cha diski ifunguliwe kwa bisibisi inayolingana nayo, diski ya zamani itolewe, na mpya ifungwe mahali pake. Diski mpya iwe ya inchi 2.5, na unene wake usizidi milimita 9.5.

6. Mashine iwashwe huku kijiti kikiwa kimechomekwa na kidhibiti kimeunganishwa kwa kebo. Mfumo ukishawekwa, diski ya nje irudishwe na data zirejeshwe.

Ikumbukwe kwamba kurejesha hufuta kila kilichokuwamo katika mashine wakati huo. Anayeanza kucheza upya kabla ya kurejesha atapoteza alichokicheza.

Nakala isiyojaribiwa si nakala

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu huona maneno ya kumaliza, huamini, na siku hiyohiyo hufuta diski ya zamani. Kumbe faili moja halikunakiliwa sawasawa. Kanuni ni hii: diski ya zamani isiguswe hadi kila kumbukumbu iwe imefunguliwa katika diski mpya na kuonekana ni nzima. Iwekwe katika mfuko mkavu, iandikwe tarehe, na ikae wiki kadhaa.

Msomaji asitegemee kuichomeka diski hiyo katika kompyuta na kuyasoma yaliyomo. Data zake zimefungwa kwa msimbo wa siri wa mashine ileile, na kompyuta itaiona kama diski tupu. Aidha, kompyuta huweza kuuliza kama iiandae upya; anayekubali hufuta kila kitu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya data huoza: sumaku hufifia, chaji huvuja, vyombo vya kuisomea hutoweka madukani. Yafaa kuifungua na kuikagua mara kwa mara.

Nakala mbili, mahali pawili

Ichukuliwe kwamba uwezekano wa diski moja kuharibika katika mwaka ni 1 katika 20. Uwezekano wa diski mbili kuharibika katika mwaka huohuo ni 1/20 mara 1/20, yaani 1 katika 400. Lakini hesabu hiyo ni kweli kwa sharti moja tu: kuharibika kwa moja kusihusiane na kuharibika kwa nyingine. Diski mbili zilizo juu ya meza moja hupigwa na radi moja, huibwa na mwizi mmoja, huangukiwa na ukuta mmoja.

Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliikumba Kagera. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato karibu na mji wa Bukoba ziliharibiwa vibaya kiasi cha kufungwa kwa muda. Katika msiba wa namna hiyo roho za watu ndizo za kwanza. Lakini baada ya mazishi hufuata maswali mengine: nani alikuwa amefikia wapi katika masomo, nani anadai nini, dawa ya nani ni ipi. Majibu yaliyowekwa chini ya paa moja huanguka pamoja na paa hilo. Nakala ya Muleba itunzwe pia Bukoba. Na kwa kuwa tetemeko moja huweza kuigusa miji yote miwili, ya tatu itunzwe mbali zaidi.

Thamani ya kumbukumbu zilizotunzwa imeonekana katika mkoa huohuo. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walizihoji kaya zaidi ya 900 za Kagera juu ya afya na maendeleo. Wenzao waliwatafuta tena watu walewale mwaka 2004, na tena mwaka 2010, wengi wakiwa wamehama. Isingewezekana kuwafuata watoto hadi utu uzima kama orodha za kwanza zingepotea pale vyombo vya kuhifadhia data vilipobadilika.

Funzo la mgomba

Mkulima wa Kagera anaifahamu kanuni hii bila kompyuta. Mgomba wa kulimwa hauna mbegu ziotazo. Huendelezwa kwa chipukizi, na chipukizi ni nakala ya mama yake. Mkulima haling'oi shina zuri kabla chipukizi lake halijashika mizizi mahali pengine. Kwa fikra hiyohiyo, aina zaidi ya 1,500 za migomba ya dunia zimehifadhiwa Leuven, Ubelgiji, katika hazina iliyoanzishwa mwaka 1985.

Lakini mgomba unafundisha pia hatari. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba usababishwao na bakteria uliripotiwa wilayani Muleba. Chipukizi lililotolewa katika shina gonjwa hubeba ugonjwa hadi shamba jipya. Ndivyo ilivyo kwa data: faili bovu likinakiliwa, ubovu hunakiliwa nalo. Ndiyo maana nakala hukaguliwa kabla ya kupandwa.

Maswali

1. Mashine ina data za gigabaiti 450, na kasi ya kunakili ni megabaiti 25 kwa sekunde. Kazi itachukua saa ngapi?

2. Diski iliyoandikwa gigabaiti 1,000 itaonekana kuwa gigabaiti ngapi katika kompyuta ihesabuyo kwa vipeo vya mbili?

3. Orodhesha kumbukumbu tano za shule yako zisizoweza kupatikana tena zikipotea. Kila moja ina nakala ngapi, na nakala hizo ziko wapi?

4. Kwa nini uwezekano wa 1 katika 400 si wa kutegemewa ikiwa diski zote mbili zimo katika kabati moja?