Darasa: Kupatana Mshahara Kabla ya Kushika Kazi



Darasa yetu ya leo imezaliwa na swali. Baada ya sala ya Isha kijana mmoja wa halaka yetu alinishika mkono, akanambia: "Maalim, nimeitwa kazi ya ukarani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Wameniuliza nataka mshahara gani, nami nimewajibu, 'Mtakachojaaliwa.' Je, nimefanya vyema?"

Nikamjibu: "Hukufanya vyema, mwanangu. Lakini hapajaharibika neno, madamu hujatia sahihi. Njoo kesho tuzungumze."

Nimeona mazungumzo hayo yafaa kuandikwa, kwani neno hili "mtakachojaaliwa" limekuwa maradhi katika miji yetu ya pwani. Twalidhani ni adabu, na wengine hulidhani ni uchaji Mungu. Mtu hupatana bei ya kitoweo sokoni mpaka muuzaji akachoka. Lakini akifika kuuza umri wake na nguvu zake, aona haya kutaja bei.

Mimi nayasema haya kwa kuwa nimeyaonja. Katika mwaka 2004, nikiwa kijana, niliitwa kusomesha chuo katika mji mmoja wa pwani. Wazee walionichukua walikuwa watu wema. Waliniambia, "Maalim, hutaona kwetu ila kheri," nami nikanyamaza kwa haya. Mwezi wa kwanza nikaletewa shilingi 3,000, wa pili 2,000, na wa tatu sikuletewa kitu, ila mfungo ulipokwisha nikapewa kanzu. Mwenye nyumba hapokei kanzu. Sikuwaambia neno, lakini moyo uliwanung'unikia, na ulimi ukaanza kuwasengenya kwa watu. Mwaka haujaisha nikaondoka, na watoto thalathini wakabaki bila mwalimu. Wale wazee mpaka leo hawajui kwa nini nilihama. Basi kimya changu hakikuwa unyenyekevu. Kilikuwa ni mlango nilioufungua, na chuki ikaingilia hapo.

SHERIA INASEMAJE?

Kazi ya mshahara, katika elimu ya fiqhi, ni mlango wa ijara, yaani kukodi manfaa. Na ijara ni mkataba kama ulivyo uuzaji. Maulamaa wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wameshurutisha mambo mawili makubwa: kazi iwe yajulikana, na ujira uwe wajulikana. Likikosekana moja, mkataba huingia ila.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika kitabu chake Minhaj mas'ala ya mtu aliyempa fundi nguo aishone, wala pasitajwe ujira. Fundi akaishona. Je, ana haki ya kudai? Kauli iliyotangulizwa ni kuwa hana kitu, kwani alijitolea mwenyewe. Ipo kauli ya kuwa anao ujira, na ipo nyingine yenye kusema kuwa akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi hiyo, basi atapewa. Ama yule aliyeambiwa "fanya, nitakuridhisha," huyo maulamaa wamesema ana ujira wa mithili, yaani kiasi wanacholipwa walio mfano wake. Tazama, ndugu yangu, haki ya mtu yategemea neno moja lililosemwa au lisilosemwa!

Na katika Surat Al-Qasas Mwenyezi Mungu ametupa mfano wa mapatano mema. Nabii Musa alifika Madyan hana mali wala mwenyeji. Mzee wa Madyan hakumwambia "kaa tu, hutakosa." Alimtajia kazi, akamtajia malipo, nayo ni kumuoza mmoja katika binti zake, akamtajia muda, miaka minane, na akamfafanulia kuwa miwili ya kutimiza kumi ni hiari yake wala si lazima. Naye Musa hakuitikia kwa kichwa tu; aliyathibitisha masharti kwa ulimi wake, akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Mgeni aliyekimbia, mwenye njaa, na juu ya hayo akapatana! Basi sisi tuna udhuru gani?

Wako watakaosema: "Kujitaja ni kujisifu." Nabii Yusuf alipotaka kupewa hazina za Misri alimtajia mfalme uhodari wake wa kuhifadhi na elimu yake. Hakuwa akijisifu, alikuwa akibainisha kile anachokiweza ili kazi ipate mwenyewe. Kujisifu ni kudai usilonalo.

MAMBO YA KUTAYARISHA

Kijana wetu alipokuja, tulikaa kitako na karatasi, tukapanga mambo matano.

La kwanza ni kuijua kazi yenyewe. Saa ngapi za kuingia na kutoka? Je, kuna zamu ya usiku meli ikifika? Jumaa ataruhusiwa kwenda kusali? Nani atakayemuamrisha? Mtu hawezi kuijua bei ya kitu asichokiona, na ukarani wa mchana tu si sawa na ukarani wa kuamshwa saa nane za usiku.

La pili ni kuujua ujira wa mithili. Nilimwambia awaulize watu watatu wenye kazi kama ile, katika kampuni tofauti, wala asitosheke na mmoja. Alirudi na khabari kuwa wenzake hupata baina ya shilingi 45,000 na 52,000. Vilevile serikali yetu ya Kenya hutangaza kima cha chini cha mishahara. Amri iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliongeza viwango hivyo kwa asilimia 6, na Mombasa imo katika fungu moja na Nairobi na Kisumu. Kima hicho ni sakafu. Hakuna ruhusa ya kuteremka chini yake, hata kwa maridhiano. Lakini sakafu si dari. Mwenye ujuzi asiifanye ndiyo kipimo chake.

La tatu ni kujua matumizi yake. Tuliandika: kodi ya nyumba 14,000, chakula 12,000, nauli 4,000, maji na umeme 2,000, na anachompa mamake 4,000. Jumla shilingi 36,000. Huu ndio mpaka wake. Akikubali chini ya hapo, mwezi utamshinda. Ataanza kukopa dukani, na mwenye deni usingizi wake ni mwepesi.

La nne ni kutofautisha mshahara wa karatasi na mshahara wa mkononi. Hapa wengi huteleza. Tuseme mtu ameahidiwa shilingi 50,000. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF hukata 3,000. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, hukata 1,375. Na ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, hukata 750. Hubaki 44,875 za kutozwa kodi ya mapato, na kodi hiyo, baada ya kupunguziwa msamaha wa 2,400, hufika kiasi cha 5,846. Basi katika zile 50,000 zitamfikia 39,029. Kwa hesabu hiyohiyo, mwenye 45,000 zitamfikia kiasi cha 35,888 tu. Kijana wetu alipoona hivyo alishtuka; alikuwa akidhani 40,000 zingemtosha na kubaki! Kwa hiyo kila mtu na aulize: "Kiasi hiki mnachokitaja, ni kabla ya makato au baada yake?"

La tano ni yale yaliyo nje ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi katika kila miezi kumi na miwili. Humlazimu mwajiri ampe mfanyakazi makao, au posho ya kodi ya nyumba, au mshahara ambao kodi imeingizwa ndani yake. Basi ulizia, isije ikadaiwa kuwa imo na kumbe haimo. Humpa mama mzazi likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Na muda wa majaribio hauzidi miezi sita, wala hauongezwi ila kwa ridhaa ya mfanyakazi. Haya ni haki, si hisani, wala hayapatanwi. Yaliyo juu yake, kama nauli ya usiku au matibabu ya familia, ndiyo ya kupatana. Na pengine mwajiri asiyeweza kuongeza mshahara aweza kuongeza hayo.

ADABU YA MAPATANO

Yaliyobaki ni ulimi. Nilimfunza kijana aseme hivi: "Bwana Meneja, nashukuru kwa kunichagua. Kazi nimeielewa, na nimeulizia wanacholipwa wenye kazi kama hii. Kwa ujuzi wangu wa miaka minne wa hati za forodha, naomba shilingi 50,000 kabla ya makato." Akishasema, anyamaze. Asiongeze "lakini hata kidogo si neno," kwani hapo atakuwa amejijibu mwenyewe. Na asilie shida zake. Mwajiri hanunui shida, hununua kazi. Yale matumizi ya nyumbani ni ya kumjulisha yeye mpaka wake, si ya kumsomea meneja.

Akitajiwa kiasi kingine, asikubali wala asikatae papo hapo. Aombe siku mbili za kufikiri. Haraka, haraka haina baraka.

Na asiseme uongo. Hapa shetani hukaa karibu sana. Kutaja bei ya juu kisha ukateremka si uongo, kwani pande zote mbili wajua kuwa ni mapatano. Lakini kusema "kazini nilikotoka nalipwa 60,000," nawe ulikuwa ukilipwa 30,000, au kusema kuna kampuni nyingine yakutaka, na kampuni yenyewe haipo, huo ni uongo dhahiri, na mshahara ulioanza kwa uongo hauna baraka. Ukiulizwa ulilipwa ngapi, ama sema kweli, ama sema kwa adabu kuwa wapenda kuzungumza juu ya kazi hii.

Kadhalika, asimwingilie mwenziwe. Tumekatazwa kuuza juu ya mauzo ya ndugu yetu, na maana yake yafika hapa pia. Ukijua kuwa fulani amekwisha kupatana kwa 45,000, kwenda kwa mlango wa nyuma ukasema "mimi nichukueni kwa 35,000" ni dhulma kwake, na ni kuwateremsha watu wote wa kazi ile, nawe ukiwa mmoja wao.

Mwisho, yaandikwe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat Al-Baqara kuandika deni la muda, na mshahara ni deni linalokua kila siku ya kazi. Sheria ya nchi nayo yataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kuuandika ni juu ya mwajiri. Pakiwa na mzozo mahakamani na mwajiri akashindwa kuutoa mkataba huo, ni juu yake yeye kuthibitisha masharti yalikuwaje. Wala usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Kama lugha yake yakushinda, mpe anayeijua akusomee.

NAWE MWENYE KUAJIRI

Katika wasomaji wetu wako pia wenye maduka, na wenye nyumba waliochukua wasaidizi. Darasa hii ni yenu pia. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alichunga wanyama wa watu wa Makka kwa ujira. Aliujua upande wa mwenye kulipwa. Basi yule binti anayekupikia na kukulelea watoto, ulimtajia kiasi gani siku ya kwanza? Au ulimwambia, "Tutakachokula utakula"? Kima cha chini cha serikali chamhusu yeye pia. Na haya zake za kunyamaza si halali yako. Wewe mkubwa ndiwe upaswaye kuanza: taja kazi, taja malipo, taja siku ya kulipa.

Na wale wanaosema "riziki ni ya Mungu, mapatano ya nini?" twawajibu: ndiyo, riziki ni ya Mungu, na ngamia pia ni wa Mungu, nasi tumefunzwa kumfunga kwanza ndipo tutawakali.

Kijana wetu alirudi baada ya wiki. Walimtajia 42,000, akaomba siku mbili, akarudi na karatasi yake. Walipatana 46,000, na gari la kumrudisha nyumbani zamu za usiku, na kutazamwa tena mshahara baada ya miezi sita. Yote kwa maandishi. Mkononi zitamfikia zaidi ya 36,000. Hakupata zote alizoomba, lakini mpaka wake haukuvukwa. Akanambia: "Maalim, kumbe hawakukasirika."

Nikamwambia: "Mwenye kutaka kukulipa haki hakasiriki kwa kuulizwa haki. Na atakayekasirika, ni kheri umjue leo kuliko mwisho wa mwezi."

Wabillahi tawfiq.