SOMO: SENSA YA OKSIJENI NA PETROLI YA CHAMA

Ndugu Makatibu na Wanachama wa Tarime na Serengeti,

Chama kinaponunua gari la petroli lililokwisha tumika Japani, hurithi pamoja nalo kifaa kidogo kiitwacho sensa ya oksijeni, kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki katika moshi na kuiarifu kompyuta ya injini, ili kilo 1 ya petroli ichanganywe na kilo 14.7 za hewa. Malori ya zamani ya dizeli hayana kifaa hiki. Fundi akidai kukibadilisha humo, Katibu asiidhinishe malipo.

Dalili ya kwanza huonekana daftarini. Tuseme gari lilikwenda kilometa 10 kwa lita moja, na sasa linakwenda 7. Kwa safari za kilometa 1,400 kwa mwezi, lita 140 zimekuwa 200. Lita 60 hizo hulipwa kwa makato ya kahawa na pamba ya wanachama. Moshi mweusi na plagi zenye masizi huonyesha kwamba petroli inazidi, lakini havithibitishi kwamba sensa ni mbovu.

Basi kabla ya kununua nyingine, fundi afuate hatua hizi mbele ya Katibu, gari likiwa mahali pa wazi:

1. Akague chujio la hewa, plagi, na nyaya za sensa.

2. Akague bomba la moshi kuanzia injini hadi kwenye sensa. Mitikisiko ya barabara zetu za vijijini hulegeza maungio. Ufa huingiza hewa ya nje. Sensa huarifu kwamba petroli ni pungufu, na kompyuta huiongeza bure.

3. Injini ikiwa imepata moto, apime waya wa ishara kwa mita ya volti ya dijiti. Sensa nzima ya aina ya kawaida hutoa volti zinazopanda na kushuka mfululizo kati ya 0.1 na 0.9.

4. Zikiganda chini, akanyage mafuta ghafla, yapasa zipande. Zikiganda juu, achomoe kwa muda mpira mdogo wa hewa wa injini, yapasa zishuke. Zikijibu, sensa ni nzima na kosa liko kwingine. Zisipojibu, na nyaya ni nzima, sensa ibadilishwe.

Maswali ya kujadili:

(a) Je, chama chenu huandika kilometa na lita kila gari linapojazwa?

(b) Kifaa kikibadilishwa, nani hupokea kile cha zamani?