Tuzuie Kutu Kabla Paa Halijavuja

Ndugu wanakamati na wafadhili, hapa Mji Mkongwe na Unguja nzima upepo wa bahari huleta chumvi inayoharakisha kutu. Bati la kawaida ni chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma, hata penye mkwaruzo mdogo.

Kwa hiyo, tunaponunua tusiulize bei tu. Gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba hukinga muda mrefu kuliko gramu 100.

Nondo za madirisha zikishika kutu, tuzikwangue, tuzioshe kwa maji yasiyo na chumvi, zikauke, ndipo tupake rangi ya kuzuia kutu. Rangi iliyopakwa juu ya chumvi hubanduka mapema, na sadaka ya waumini hupotea.