Laptopu ndogo ya zamani usiitupe: iwekee Linux, iwe daftari la duka lako

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo lihifadhi ulisome ukipata nafasi.

Tunaongelea zile laptopu ndogo za inchi 10: Asus Eee PC, Acer Aspire One, HP Mini, Dell Mini, Toshiba NB na ndugu zao. Zilianza kutamba mwaka 2007, zikaingia mjini kwa wingi, leo nyingi zimelala kabatini au zinauzwa kwa bei ya kutupa. Nyingi zilikuja na Windows XP au Windows 7. XP iliacha kupewa masasisho Aprili 2014, Windows 7 ikafuata Januari 2020. Ukiiwasha leo inachukua muda mrefu kuamka, na flashi moja ya mteja anayetaka kuprinti inatosha kuijaza virusi.

Mashine yenyewe mara nyingi bado nzima, ila mfumo endeshi umepitwa na wakati. Dawa yake ni kuuondoa na kuweka Linux.

LINUX NI NINI?

Ni mfumo endeshi kama Windows ilivyo, ila umejengwa kwa kufuata mtindo wa Unix, mfumo ulioanzia Marekani mwaka 1969. Linux yenyewe ilianzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, mwaka 1991. Usiuogope: simu yako ya Android ndani yake kuna Linux, na unaitumia kila siku.

Faida kwako wewe mwenye duka ni tatu. Kwanza ni bure, na bure ya halali, hakuna cha kutafuta namba za wizi. Pili, virusi vile vya flashi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, hapa havipati pa kushika. Tatu, zipo Linux nyepesi zilizotengenezwa makusudi kwa mashine dhaifu.

JIULIZE KWANZA: UNAITAKA KWA KAZI GANI?

Usikurupuke. Laptopu hizi nyingi zina RAM ya GB 1 tu, na Linux haiongezi RAM.

👉 Itaweza: daftari la mauzo na madeni, orodha ya mzigo, kuandika ankara na barua, kuzigeuza kuwa PDF, kuprinti, kusoma barua pepe, kufungua tovuti moja moja.

👉 Itakusumbua: video za intaneti, WhatsApp ya kwenye kompyuta, tovuti kumi kwa mpigo.

👉 Usiiguse kabisa: kama duka lako linategemea programu ya Windows pekee, mfano Tally au QuickBooks ya kuwekwa kwenye kompyuta. Hizo hazikutengenezwa kwa Linux. Kama una printa ya risiti au kifaa cha kodi kinachochomekwa kwenye kompyuta, muulize aliyekuuzia kama kinakubali Linux kabla hujafuta kitu.

KAGUA MASHINE KABLA YA KUTOA HELA

Ukiwa unanunua, angalia jina la prosesa. Nyingi ni Intel Atom. Zenye N270 na N280 ni za biti 32. Zenye N450, N455 na N570 ni za biti 64. Tofauti hii inagusa mfuko wako, kwa sababu Linux nyingi zimeacha biti 32. Ubuntu iliacha mwaka 2017. Debian, ambayo ni mama wa Linux nyingi nyepesi, toleo lake la 13 la Agosti 2025 halina tena kisakinishi cha biti 32. Kwa hiyo kama bei zinalingana, chukua ya biti 64. Kama tayari unayo N270, itumie, ila usitoe hela nyingi kuinunua leo.

Angalia pia diski. Zile Eee PC za mwanzo kabisa zilikuwa na GB 4 tu. Ziache. Ukipata yenye diski ya kawaida ya inchi 2.5, siku mambo yakikaa sawa unaweza kuitoa ukaweka SSD, nayo itaamka haraka zaidi. RAM nyingi za hizi mashine zinapandishwa hadi GB 2, na hapo utaona nafuu kubwa.

Mwisho, izime, iwashe, angalia saa. Ikirudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma, ile betri ndogo ya ndani imekufa. Ni kitu kidogo, fundi anabadilisha. Lakini ukiiacha hivyo, tovuti nyingi zitakataa kufunguka na tarehe za mauzo yako zitakuwa za uongo.

VITU VYA KUANDAA

Flashi ya GB 8 isiyo na kitu muhimu, kwa sababu itafutwa yote. Kompyuta nyingine ya kuazima, au ya stationari, yenye intaneti. Chaja iliyo nzima. Waya wa USB wa simu yako. Na muda wa saa mbili hivi usio na wateja.

HATUA YA 1: OKOA VILIVYOMO

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka halafu wanalia. Fungua laptopu, hamisha kila faili: daftari la madeni, picha za bidhaa, ankara, mikataba. Weka kwenye flashi nyingine au diski ya nje, kisha ifungue kwenye kompyuta tofauti uhakikishe mafaili yanafunguka. Kuona jina la faili tu hakutoshi. Ukishafuta diski, madeni ya wateja hayarudi.

HATUA YA 2: PAKUA LINUX NYEPESI

Somo hili linatumia antiX toleo la 23, ambalo limejengwa juu ya Debian 12 na bado linakubali biti 32. Pakua kwenye tovuti ya antiX wenyewe, usichukue kwa mtu njiani. Kwa N270 chagua faili lenye maandishi 386 kwenye jina lake. Kwa mashine ya biti 64 chagua lenye x64. Chukua lililoandikwa full, hilo linakuja na LibreOffice tayari, hutahangaika kutafuta programu ya majedwali.

HATUA YA 3: TENGENEZA FLASHI

Kunakili faili kwenye flashi kama unavyonakili wimbo hakufai, mashine haitaamka. Tumia programu ya Rufus kwenye ile kompyuta ya Windows: chomeka flashi, chagua faili ulilopakua, bonyeza kuanza, subiri hadi iseme imemaliza.

HATUA YA 4: WASHA KWA FLASHI

Zima laptopu ndogo, chomeka flashi, chomeka na chaja. Washa, na hapo hapo gonga kitufe mfululizo:

Asus Eee PC: Esc
Acer, Dell na Toshiba: F12
HP: F9

Itatokea orodha, chagua flashi. Kwa Acer F12 ikikataa, ingia kwanza kwa F2, tafuta mstari wa F12, uuruhusu, hifadhi, rudia.

HATUA YA 5: ONJA KABLA YA KULA

Hapa ndipo utamu wa Linux. Itawaka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Tembea nayo kidogo. Jaribu sauti, kibodi, kipanya, na hasa Wi-Fi. Kadi za Wi-Fi za Broadcom, zilizomo kwenye baadhi ya HP Mini na Dell Mini, ni wakorofi. Ikikataa, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu, na mara nyingi laptopu itapata mtandao papo hapo.

Chomeka na printa yako uone kama inatambulika. Kama kitu unachokihitaji kimegoma kabisa, zima, chomoa flashi, Windows yako bado ipo. Hujapoteza chochote.

HATUA YA 6: SAKINISHA

Ukiridhika, bonyeza alama ya kusakinisha iliyopo kwenye skrini. Chagua kutumia diski yote. Hapa ndipo Windows na kila kilichokuwemo kinafutwa, kwa hiyo kama Hatua ya 1 hukuikamilisha, simama.

Skrini hizi nyingi ni 1024 kwa 600, fupi, na vitufe vya chini vinaweza kufichika. Usifikiri imekwama. Shikilia kitufe cha Alt, kamata dirisha kwa kipanya, livute juu.

Itakuuliza eneo la saa, chagua Dar es Salaam au Nairobi kulingana na ulipo. Itaomba jina lako na nywila. Weka nywila utakayoikumbuka, iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, usiibandike kwenye mashine. Na usikubali iingie yenyewe bila nywila: kwenye hii mashine kutakuwa na madeni ya watu.

Usichomoe chaja hadi imalize. Ikimaliza, zima, chomoa flashi, washa upya.

HATUA YA 7: MASASISHO

Ukiwa na intaneti, fungua ile programu ya kuandika amri na andika, mstari mmoja kisha wa pili:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Fanya ukiwa na bando la kutosha. Rudia angalau mara moja kwa mwezi.

SASA LIWE DAFTARI

Fungua LibreOffice Calc. Kwenye mstari wa kwanza andika: A Tarehe, B Mteja, C Bidhaa, D Deni, E Alicholipa, F Baki.

Tuseme Mama Rehema kachukua mchele wa 45,000, katoa 20,000. Andika D2 45000, E2 20000, bila alama ya mkato. Kwenye F2 andika =D2-E2, itakuja 25000. Kamata kona ya kisanduku hicho uivute chini, mistari mingine itajihesabu yenyewe. Kwenye H1 andika =SUM(F2:F500). Hiyo namba ndiyo mtaji wako ulioko mikononi mwa watu. Wengi tukiiona mara ya kwanza tunakaa chini.

Kama unabadilishana mafaili na mhasibu au mwenzako anayetumia Excel, wakati wa kuhifadhi chagua aina ya xlsx, naye atalifungua bila shida.

KANUNI YA MWISHO, USIIVUNJE

Mashine hii ni ya zamani. Linux imeipa kazi mpya, haijaipa diski mpya. Siku yoyote inaweza kugoma. Kwa hiyo kila jioni ukifunga hesabu, nakili faili la madeni kwenye flashi, na flashi hiyo uende nayo nyumbani. Isilale dukani pamoja na laptopu, maana mwizi au moto hauchagui. Mara moja kwa wiki jitumie nakala kwa barua pepe.

Na daftari la karatasi usilichome moto leo. Endesha vyote viwili kwa mwezi mmoja, linganisha hesabu kila Jumamosi. Zikikubaliana wiki nne mfululizo, hapo unaweza kuiamini mashine.

Una laptopu ndogo ndani? Andika kwenye komenti aina yake na prosesa yake, tusaidiane kujua kama inafaa. Na kama kuna mwenzako anataka kununua moja wiki hii, mtumie somo hili kabla hajatoa hela.

Biashara njema.