SOMO LA CHAKULA: WANGA NI KUNI, SI MATOFALI



Leo tujifunze juu ya wanga, chakula tukilacho kila siku.

Wanga umo katika muhogo, mahindi, mtama, wimbi, viazi vitamu, ndizi na mchele. Sukari ni ndugu yake. Tukisha kula, mwili huuvunja wanga uwe sukari, damu huipeleka kwenye misuli na ubongo, na huko huchomwa kama kuni. Gramu 1 ya wanga hutoa kalori 4. Mkata miwa, au mpakiaji wa saruji kule Tororo, hamalizi zamu bila kuni hizo. Basi asitudanganye mtu kwamba ugali ni chakula duni.

Lakini kuni hazijengi nyumba. Misuli, damu na mwili wa mtoto hujengwa kwa protini. Tutazame Lumino, wilaya ya Busia, Uganda. Ugali wa huko mara nyingi ni wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu 2 hivi tu. Maharage makavu ya uzito huohuo yana gramu 20 au zaidi, na dagaa wakavu zaidi ya 50. Dagaa hao ndio mukene wa Uganda na omena wa Kenya, nao huvuliwa Ziwa Victoria, karibu na Lumino. Mtoto anayeshibishwa uji wa muhogo peke yake huweza kupata unyafuzi: miguu huvimba, nywele hupauka, na mzazi hudhani mwanawe amenenepa.

Tusikimbilie pia unga mweupe. Mahindi yakikobolewa, pumba na kiini hutupwa pamoja na vitamini zake. Madaktari Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliotibu watu Uganda kwa miaka mingi, walitoa kitabu mwaka 1975 wakionya kwamba wanga uliokobolewa na sukari nyingi vina uhusiano na kisukari na maradhi ya matumbo. Unga usiokobolewa, uliotiwa wimbi, ni bora. Muhogo mchungu nao uvundikwe na kuanikwa barabara, kwani una sumu.

Neno posho maana yake ni mgawo wa chakula. Huko Uganda limekuwa jina la ugali wa mahindi wenyewe, kana kwamba mgawo hauwezi kuwa na kitu kingine! Hapo ndipo pa kufumbua macho. Tunapozungumza na mwajiri juu ya chakula cha mchana, tusidai kilima kikubwa cha ugali tu. Tudai maharage, dagaa na mboga za majani kando yake. Kujaza tumbo si kulisha mwili.

Maswali ya kujadiliana tawini:

1. Katika chakula cha kazini kwetu, kuni ni zipi na matofali ni yapi?
2. Watoto wetu hula nini pamoja na uji?
3. Tukipewa posho kwa fedha, kiasi gani hununua kitoweo?