Diwani Mpya na Hesabu Yake Mbele ya Watu

Kila baada ya uchaguzi wa madiwani huonekana watu wapya wakisimama mbele ya mikutano ya kata zao, wakiwaeleza wananchi habari za barabara, maji, taka na shule. Wako waahidio mengi mpaka wasikilizaji wakapiga makofi na vigelegele. Wako pia wasomao karatasi walizopewa ofisini, na watu huondoka wasijue wameambiwa nini. Twaona yafaa leo tufundishane jambo hili: diwani mpya ana nini mkononi mwake, na ajapo kutoa habari, wasikilizaji wampime kwa kipimo gani.

Mfano wetu ni wa Dar es Salaam, kwani huko mambo ya baraza yamegeuka mara nyingi na mafunzo yake ni mengi. Lakini ninyi wazee na walimu mkaao shamba msidhani kwamba somo hili ni la watu wa mjini tu. Diwani wa kata ya wilayani hukaa katika kiti cha namna ile ile, na maswali anayoulizwa ni yale yale, ila mahali pa taka patatajwa josho, au ghala la pamba.

Neno diwani lenyewe ni la zamani katika pwani yetu. Wakuu wa miji ya Mrima waliitwa hivyo kabla ya serikali za kigeni kuja. Dar es Salaam ilipopewa baraza la manispaa mwaka 1949, wajumbe wake hawakupigiwa kura na wenyeji, bali waliteuliwa na serikali, na waliyemhesabia kazi yao ni yule aliyewateua. Baada ya uhuru mabaraza yalikuwa ya wananchi, lakini mwaka 1972 yalivunjwa, na kazi zake zikatiwa mikononi mwa watumishi wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Huduma za miji zikadhoofika, hata mwaka 1978 ikalazimu kuyarudisha mabaraza ya miji. Sheria mpya zikatungwa mwaka 1982, na mabaraza ya wilaya nayo yakaanza tena mwaka 1984. Tena mwaka 1996 Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa, ikawekwa Tume ya watu walioteuliwa, nayo ikaliongoza jiji mpaka mwaka 2000. Wengi husema kwamba Tume ile ilisafisha mitaa na kuongeza mapato, nasi hatukatai. Illa katika miaka ile mwenye kata hakuwa na mtu wa kumwita barazani akamwuliza, ‘Mbona?’

Diwani hupatikana kwa njia mbili. Wa kwanza ni yule aliyechaguliwa kwa kura na watu wa kata yake. Wa pili ni mwanamke aliyepata kiti maalum: chama chake hupeleka jina lake, na Tume ya Uchaguzi humteua kwa kadiri ya viti ambavyo chama kimepata. Wapo watu wanaomdharau huyu wa pili wakisema kwamba hana kata, basi hana wenyewe wa kumwuliza. Hilo si kweli. Huketi barazani pamoja na wenzake na kupiga kura kama wao, na katika kata anamokaa yeye ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ingawa mwenyekiti wake ni diwani aliyechaguliwa. Kwa maoni yetu, aliyeteuliwa ana wajibu zaidi wa kujitokeza mbele ya watu, maana hawakupata nafasi ya kumpima siku ya kura.

Basi na tumtunge diwani wa namna hii, kwa ajili ya somo tu. Aliapishwa mwezi wa Desemba 2020 katika Manispaa ya Ilala, na kata anamokaa iko kando ya bonde la Mto Msimbazi, ambako mvua ikizidi maji huingia majumbani. Mwezi wa Januari akaitisha mkutano chini ya mwembe. Mzee mmoja akasimama akasema, ‘Mwanangu, karavati la mtaa wetu limebomolewa na maji, na watoto huvuka kwa kushikana mikono. Lini litajengwa?’ Mama lishe mmoja akauliza habari za mikopo ya vikundi. Kijana akauliza kwa nini taka hukaa wiki mbili njiani. Yule bibi, kwa huruma na kwa upya wake, akajibu wote watatu kwa neno moja: ‘Nitalishughulikia.’ Watu wakashangilia.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, wala si kosa la uongo, bali la kutojua. Tulitazame swali moja moja.

Karavati lile si la baraza. Tangu mwezi wa Julai 2017 barabara za mitaa na za vijijini zimekabidhiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambao watu huuita TARURA. Wahandisi wake si watumishi wa baraza, na fedha zake hazipitii kwa mweka hazina wa baraza. Diwani aweza kuomba, kusukuma na kuonyesha lililo la haraka zaidi, na wakala huyo yafaa amsikilize; lakini hawezi kumwamuru fundi mmoja achukue koleo. Akisema, ‘Nitajenga,’ amejitwika mzigo wa mtu mwingine, na mvua ijayo itakapobomoa zaidi, lawama ni yake. Jibu la haki lingekuwa: ‘Mzee wangu, kazi hii ni ya TARURA. Nitaandika barua, na mkutano ujao nitakuja na majibu yao, yakiwa mema au mabaya.’

Taka, kinyume chake, ni kazi ya baraza lenyewe. Ndilo litungalo sheria ndogo za usafi, ndilo liwekalo ada, na ndilo liwapalo kazi makandarasi au vikundi vya kuzoa taka na kuzipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi. Katika jambo hili diwani hana pa kujificha. Atuambie kandarasi ni ya nani, gari laja siku gani, ada ni shilingi ngapi, na asipokuja mzoaji adhabu yake ni nini. Tena na wananchi waulizwe vilevile: ni nyumba ngapi hulipa ada hiyo? Maana tumeona mitaa ambamo watu hulalamikia gari ambalo hawajalilipia, na usiku hutupa taka mtoni, zikaziba njia ya maji yale yale yanayowafuata vitandani.

Mikopo ya vikundi yataka maelezo marefu kidogo, kwani hapo ndipo maneno mengi ya uvumi. Sheria iliyotungwa mwaka 2018 yaliamuru kila baraza kutenga sehemu kumi katika kila mia ya mapato yake ya ndani, na kuzikopesha bila riba: sehemu nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Angalieni maneno haya, ‘mapato yake ya ndani’. Si fedha zote zipitazo barazani. Mishahara ya walimu na dawa za zahanati hutoka Serikali Kuu, wala hazihesabiwi humo. Huhesabiwa zile ambazo baraza lenyewe limekusanya, kama ushuru wa huduma, leseni za biashara na ushuru wa masoko. Kwa hiyo baraza likusanyalo kidogo litakopesha kidogo, na muuza samaki aliyekwepa ushuru sokoni amempunguzia mkopo jirani yake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake usahihishwe, nayo ikaanza tena mwaka 2024. Mama lishe wetu alistahili kujibiwa hivi: fungu ni shilingi kadha mwaka huu, vikundi vilivyoomba ni kadha, vilivyopata ni kadha, na vilivyokopa vikarudisha ni kadha. Neno ‘nitalishughulikia’ halimpi hata kimoja cha hivyo.

Juu ya hayo lipo jambo ambalo madiwani wapya wengi hawaliungami mapema, likawaletea aibu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Diwani aapishwaye Desemba hukuta fedha za mwaka huo zimekwisha gawanywa na waliomtangulia, na nusu ya mwaka imekwisha kupita. Makisio ya mwaka ujao nayo hutengenezwa upesi katika miezi ile ile anapokuwa bado anajifunza mlango wa ofisi uko wapi: maombi ya mitaa hupelekwa kwenye kata, ya kata kwenye baraza na kamati zake, kisha mkoani, kisha wizarani, hata yafike Bungeni kabla ya Julai. Asiyewahi kupeleka ombi la kata yake mwanzoni mwa mwaka amepoteza miezi kumi na minane. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuwaambia watu si ahadi, bali ni kalenda. ‘Fedha za mwaka huu sikuzigawa mimi, hizi hapa zilivyogawanywa. Za mwaka ujao tunazigawa mwezi huu. Nambieni mnataka kipi kitangulie, kwa kuwa havitatosha vyote.’ Maneno haya hayapigiwi vigelegele, lakini mwalimu aliyeyaandika katika daftari yake atamwuliza tena mwakani, na jibu litakuwapo.

Turudi kwa bibi yetu. Mwezi wa Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa cheo kuwa jiji. Akawa diwani wa jiji pasipo kuhama kiti chake. Watu wa kata walidhani kwamba kwa jina hilo fedha zitamiminika. Akaitisha mkutano wa pili mwezi wa Agosti, na safari hii alikuja na daftari. Alikuwa ameketi na Mtendaji wa Kata, ameulizia kila jambo ni la ofisi gani, na ukurasa wake ameugawa mara tatu: ya baraza, ya ofisi nyingine, na yetu wenyewe wa kata.

Akaanza kwa kukiri. Akasema, ‘Mwezi wa Januari niliwajibu kana kwamba karavati ni langu. Si langu. Niwieni radhi.’ Watu wakanyamaza. Hawakuzoea kuombwa radhi na mtu wa cheo. Kisha akasoma habari za taka na siku za gari, akasoma hesabu za mikopo, akasema wazi kwamba kikundi cha mama lishe kilikosa mwaka ule kwa sababu katiba yake haikuwa imesajiliwa, akataja ofisi ya kwenda kuisajili.

Ndipo likazuka swali jipya. Mwezi ule ule wa Agosti kodi ya majengo ilikuwa imeanza kukatwa mtu anaponunua umeme, Sh. 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji mmoja akasimama kwa hasira: ‘Nyumba si yangu, mita ndiyo niitumiayo, na kodi ya mwenye nyumba nailipa mimi. Baraza mnatuonea.’ Diwani asiye na daftari angetetea asilolijua, au angelaani apate kushangiliwa. Yeye akatazama ukurasa wake akajibu kwamba kodi ile hukusanywa kwa ajili ya Serikali Kuu, na si baraza lililoiweka. Kwamba kisheria mzigo ni wa mwenye jengo, na mpangaji ana haki ya kupatana naye arudishiwe au apunguziwe pango. Na kwamba malalamiko haya atayapeleka kwa Mbunge, ambaye ndiye apigaye kura juu ya kodi za namna hiyo, naye pia ni mjumbe wa baraza. Mpangaji hakufurahi. Lakini alitoka akijua ampelekee nani neno lake, na hilo peke yake ni faida.

Kwa wale wapendao kujionea, yafaa mjue kwamba baraza hukutana japo mara moja katika kila miezi mitatu, na mikutano yake ya kawaida i wazi kwa watu, ijapokuwa msikilizaji haruhusiwi kusema. Vijijini nako Mkutano Mkuu wa Kijiji umewekwa na sheria kila miezi mitatu, na hesabu za mapato na matumizi zapasa kusomwa humo na kubandikwa ubaoni. Tumeona mbao nyingi zenye tangazo la miaka miwili iliyopita, karatasi imeliwa na mchwa. Mwalimu akipita hapo asione haya kumwuliza mtendaji karatasi mpya iko wapi, wala mtendaji asikasirike.

Mkutano wa tatu wa bibi yetu ulifanyika kabla ya mvua za vuli. Yule mzee wa karavati alikuja mapema akakaa mbele. Barua ya TARURA ilikuwa imefika, ikisema kwamba kazi ile imeandikwa katika maombi ya mwaka wa fedha ujao, na kwamba kwa wakati huu wataweka mabomba mawili na kifusi ili watoto wapite. Diwani alipotaka kuieleza kwa maneno yake, mzee akasema, ‘La, mwanangu, isomwe.’ Mwalimu akaisoma. Mzee akataka tarehe isomwe mara ya pili, kisha akamwambia mjukuu wake aiandike.